Kompyuta Zilizokufa kwa Kutunzwa

Nyie walimu wapya mnaoripoti kazini mwaka huu na begi mgongoni na kompyuta mpakato ndani yake, nisikilizeni kidogo kabla hamjapanda boti. Sina semina ya kuwapa. Semina nimehudhuria nyingi, nimekula biskuti zake na kusaini karatasi zake za mahudhurio, na zote kwa pamoja hazikunifundisha nilichofundishwa na fundi redio mmoja wa Kibiti na binti mmoja wa kidato cha tatu. Fundi nilimsikiliza. Binti nilimponza. Nitayasema yote mawili, kwa mpangilio wowote yatakavyonijia, maana nimestaafu na hakuna tena mkaguzi wa kuja kuniulizia andalio la somo.

Mimi ni Mwalimu Mbonde. Nimezaliwa Chumbi, mtoto wa wakulima wa mpunga. Nilifundisha Jiografia, na baadaye nikaongezewa somo la kompyuta, katika shule moja ya kata ndani ya delta. Jina la shule naliacha. Waliopo pale sasa wana mzigo wao wa kutosha.

Mtauliza nilifikaje kwenye kompyuta, mtu wa Jiografia. Siku barua ya mafunzo ilipoletwa na boti, walimu wenzangu watatu walikuwa wamekwenda mazishini Ngorongo, na mimi ndiye nilikuwa nimekaa mbele ya ofisi nakula muhogo. Mkuu wa shule akatoka na barua mkononi, akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema, "Mbonde, utakwenda wewe." Huo ndio ulikuwa usaili wangu.

Mafunzo yalikuwa ya wiki mbili, Dar es Salaam. Wiki ya pili tulitakiwa kila mmoja achape mtihani mzima wa somo lake. Nikauchapa wangu kwa kidole kimoja, tangu asubuhi mpaka wenzangu wanarudi kutoka chakula cha mchana. Maswali ishirini na tano, na mchoro wa mto nimeuchora kwa mistari midogo midogo. Nikataka kufunga. Mashine ikaniuliza kama nataka kuhifadhi mabadiliko. Nikajisemea, mabadiliko gani tena? Mimi sitaki mabadiliko yoyote, nautaka mtihani wangu vilevile ulivyo. Nikabonyeza hapana.

Mkufunzi, dada mmoja mpole, alinikuta naukodolea macho weupe wa kioo. "Mwalimu, umefanya nini?" Nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa chini. Nikaona aibu sana, lakini tangu siku ile sijapoteza kazi yangu hata moja, na wanafunzi wangu wote somo la kwanza nililowapa lilikuwa hilo. Mwanafunzi haogopi mashine ya mwalimu aliyekwisha kuaibishwa nayo. Mkifika huko, anzeni na makosa yenu. Yatawafungulia darasa haraka kuliko vyeti mlivyonavyo.

Sasa kompyuta zenyewe. Zilikuja kumi na mbili, za mezani, zilizokwisha kutumika kwa watu, zimetolewa na wafadhili wa mbali. Na paneli za sola zikaja pamoja nazo, zikapigwa kwenye bati. Siku hiyo ilikuwa sikukuu. Maji ya bahari yalikuwa yamekupwa, boti likakwama mbali kwenye tope, wanafunzi wakaingia matopeni hadi magotini, wakazibeba maboksi vichwani huku wanaimba. Hakuna hata moja iliyodondoka. Nataka mkumbuke hapo: watoto wa delta walizibeba mashine zile kwenye tope lenye utelezi, na hakuna iliyodondoka. Baadaye ndio wakaambiwa hawajui kutunza vitu.

Mkuu alizipenda kompyuta zile, simsingizii. Alizipenda kama mtu anavyopenda vyombo vya kabatini ambavyo havipakuliwi chakula. Alitenga chumba, akaweka nondo madirishani, kufuli kubwa mlangoni, mapazia mazito, na kila mashine akaivisha mfuko wa nailoni aliouagiza mwenyewe. Juu ya mlango akabandika: MARUFUKU KUINGIA BILA KIBALI CHA MKUU WA SHULE. Kibali chenyewe hakikutoka hata siku moja. Ukimwendea anakujibu, "Mbonde, wakishaziharibu hao, mimi wafadhili nitawaambia nini?"

Kwa hiyo nikafundisha kompyuta ubaoni. Msicheke, wapo wenzenu wanaofanya hivyo mpaka leo. Nilichora kibodi kwenye manila, nikawaamuru na wao wachore, kila mmoja na yake, halafu wakakaa wanabonyeza karatasi. Darasa zima la watoto arobaini wanabonyeza karatasi kimya kimya, ungeingia ungedhani ni wagonjwa. Kwenye mtihani wa muhula niliuliza kipanya ni nini, mmoja akanijibu kuwa ni mnyama mdogo anayekula nyaya za kompyuta. Nilimpa nusu ya alama. Kwa elimu niliyokuwa nawapa, jibu lile lilikuwa na mantiki.

Somoe Abdallah alikuwa kwenye darasa hilo. Mtoto wa wakulima wa mpunga, mrefu, mkimya, sare yake fupi mikononi kwa kuwa alikuwa anakua haraka kuliko kitambaa. Siku moja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nikibonyeza hapa kwenye karatasi, herufi inatokea wapi?"

"Inatokea kichwani kwako," nikamjibu.

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Aliniangalia tu, kama mtu aliyeuliza njia akaelekezwa pabaya kwa makusudi.

Mwisho wa kila mwezi nilikuwa navuka kwenda Kibiti, ambako mke wangu na watoto walikuwa wanaishi. Karibu na stendi alikuwepo fundi redio, Fundi Mwinyi, mzee mwenye miwani iliyofungwa waya, kibanda chake kimejaa redio zilizopasuliwa matumbo. Nilimpelekea redio yangu iliyokuwa inakoroma. Akaifungua, akanionyesha bodi yake ilivyoota ukoko wa kijani.

"Unafundisha delta?"

"Ndiyo."

"Hii ni chumvi. Upepo wa huko umebeba chumvi na unyevu. Hii redio unaisikiliza mara ngapi?"

"Mara mojamoja, naitunza."

"Ndio umeiua," akasema. "Chombo cha umeme ukikiwasha kinapata joto lake, unyevu unatoka. Ukikizima ukakifungia, kinakaa kinakunywa maji ya hewani. Washa kila siku, japo kidogo. Na usikivishe nailoni, kinatoka jasho. Kivishe kanga kuukuu."

Halafu akaniwekea mkaa mkavu kwenye kopo, akaniambia niuweke karibu na redio, unavuta unyevu. Akanionyesha kusugua bodi kwa mswaki na spiriti. Yote hayo aliyasema huku anafanya kazi, hata kichwa hakuinua. Hicho ndicho chuo changu cha ualimu wa kompyuta, na hakikutoa cheti.

Nikarudi shuleni mbio kumweleza Mkuu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Mbonde, fundi redio wa stendi ndiye anakufundisha kutunza mali ya serikali?" Nikanyamaza. Katika kazi yangu nilikuwa hodari sana wa kunyamaza.

Lakini ufunguo mmoja nilikuwa nao, kwa sababu Ijumaa mimi ndiye niliyekuwa napangusa vumbi. Nikafanya jambo ambalo mpaka leo naliona lilikuwa sahihi, na kulifanya nusu nusu ndiko kulikoleta balaa. Nikamwita Somoe na wenzake watatu. Nikawaambia, saa ya chakula cha mchana, Mkuu akienda nyumbani kula, mtaingia, mtawasha mashine nne za safu ya dirishani, mtajifunza, mtazima, mtatoka. Nne tu. Zile nane nyingine msiziguse, zibaki na nailoni zake, ili Mkuu akichungulia aone kila kitu kipo kama alivyokiacha. Ufunguo nikampa Somoe, maana ndiye aliyekuwa na akili iliyotulia.

Muhula mzima waliingia. Sikuhitaji hata kuwafundisha sana. Somoe alizoea kibodi ndani ya wiki tatu, akaanza kuandika kuhusu mashamba ya mpunga ya kwao, jinsi maji ya bahari yanavyopanda wakati wa bamvua yakaingia mashambani na kuunguza mpunga. Aliwauliza wazee wa kijijini miezi yake, akaipanga kwenye jedwali, mwaka kwa mwaka. Mimi jedwali nilikuwa sijui kulichora kwenye mashine. Yeye ndiye aliyenifundisha.

"Mwalimu, shika hapa, vuta mpaka hapa, achia."

"Hivi?"

"Umevuta mno, Mwalimu. Rudisha."

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mwanafunzi na mwanafunzi amesimama ananielekeza. Katika miaka yangu yote ya kazi, kama mtaniuliza ni lini shule ile ilikuwa shule, nitawatajia mchana ule.

Kisha ikaja barua kuwa wafadhili watatutembelea wakiwa na maofisa wa elimu. Shule ikafagiliwa, mawe yakapakwa chokaa. Asubuhi ya ugeni, mapema, Mkuu akaniita tukafungue chumba. Akavua nailoni ya kwanza, akabonyeza. Kimya. Ya pili, kimya. Akanitazama. Akaenda ya tatu, ya nne, jasho linamtoka. Nailoni zote kwa ndani zilikuwa na matone ya maji. Nane zikagoma. Alipofika safu ya dirishani, zikawaka zote nne, na kwenye kioo cha mojawapo kazi zilizohifadhiwa zikajipanga kwa majina. Somoe mpunga. Somoe bamvua. Somoe jedwali.

"Somoe ni nani?" Mkuu akauliza.

Akaletwa. Alisimama mlangoni, akaona nailoni zimevuliwa, akaelewa.

"Umeingia humu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Nani alikufungulia?"

Somoe akaniangalia. Mara moja tu. Mimi nikaangalia kalenda iliyokuwa ukutani. Ilikuwa na picha ya maporomoko ya maji, naikumbuka kama naiona sasa hivi.

Lazima niwaambie nilichokuwa nawaza, maana hadithi ya namna hii msimulizi hupenda kuficha hapo. Barua yangu ya kuomba uhamisho wa kwenda Kibiti ilikuwa mezani kwa Mkuu, inangoja saini yake. Miaka tisa nilikuwa nalala mbali na mke wangu. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa ananiita "Mwalimu" kama watoto wa jirani wanavyoniita. Hiyo barua ndiyo niliyoiwaza. Yule binti sikumuwaza kabisa.

Akajibu mwenyewe, "Ufunguo niliuchukua kwenye droo ya Mwalimu Mbonde. Hakujua."

Mkuu akanigeukia. "Mbonde, ni kweli?"

"Ndiyo, Mkuu."

Somoe akaamriwa afungashe vitu vyake arudi kwao kabla wageni hawajafika, asije akaonekana. Wageni wakaja, wakapokewa kwa ngoma, wakaingizwa chumbani. Wanafunzi wenye sare safi walikuwa wamekalishwa mbele ya mashine zote kumi na mbili, wale wa zile nane wakiwa wamewekewa vidole kwenye kibodi mbele ya vioo vyeusi, wameambiwa watabasamu. Mashine zilizowaka zilikuwa zile za Somoe. Mgeni mmoja akasoma habari ya bamvua kwenye kioo, akapendezwa, akauliza nani ameandika. Mkuu akasema, "Ni kazi ya wanafunzi wetu kwa ujumla."

Wakapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Siku tatu baadaye baba yake alikuja. Mzee Abdallah alivaa kanzu na kofia kama anakwenda kuposa. Akakaa kwenye benchi la nje ya ofisi tangu asubuhi, akaitwa mchana, akatoka muda mfupi baadaye. Nilikuwa nimejificha stafurumu. Nikadhani amekwisha kuondoka, nikashuka gatini, kumbe yuko pale anangoja boti. Ilibidi nimwamkie.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Wewe ndiye Mbonde?"

"Ndiye mimi."

"Nimemuuliza mkuu wenu, ananiambia mwanangu kaharibu mashine nane. Mwanangu ananiambia hakuzigusa hizo. Mimi mashine sizijui, nikiletewa ya kutazama nitaona chuma tu. Wewe unazijua. Nakuuliza kama Muislamu mwenzangu, mwanangu kaharibu?"

Boti lilikuwa linakaribia. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno mawili. Nikasema, "Mzee, jambo hili liko mikononi mwa Mkuu."

"Haya," akasema. Akavua ndala zake, akashika kanzu, akaingia majini kupanda.

Bodi ya shule ilikaa, ikathibitisha kumfukuza Somoe. Baada ya hapo fundi akatumwa kutoka mjini. Akazifungua zile nane mbele yangu na Mkuu. Ndani ukoko wa kijani, kila moja. Akazifungua na zile nne, bodi zinang'aa.

"Hizi zilikuwa zinatumika," fundi akasema. "Zile zilifungiwa. Nani kazivisha nailoni?"

Fundi alipoondoka nikajikaza. "Mkuu, yule binti..."

Mkuu alikuwa anapanga karatasi zake. Hakupandisha sauti. "Mbonde, unataka kwenda Kibiti au hutaki?"

Wiki ile ile barua yangu ilisainiwa. Nikahamia Kibiti, nikafundisha kwenye shule yenye umeme wa gridi, nikapata mpaka barua ya pongezi ya mwalimu hodari wa kompyuta. Mkuu alifariki miaka michache baadaye, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mimi nikabaki hai na habari hii.

Najua mnasubiri niseme nilikuwa silali kwa majuto. Nilikuwa nalala. Nilikuwa nakula, nacheza bao, nafundisha. Jambo kama hili halikuchomi kila siku. Linakaa tu mahali pake, na wewe unajifunza kuzunguka pembeni.

Mwaka juzi, nina miezi minne tangu nistaafu, nikiwa uani namenya nazi, mtu akabisha hodi. Mama wa makamo, kajitanda mtandio, mrefu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu. Sijui naongea na nani?"

"Somoe. Somoe Abdallah."

Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Mke wangu, asiyejua lolote, akamletea kiti na chai, akamwita mwanangu. Somoe akaipokea chai kwa mikono miwili. Akaeleza kuwa yuko kijijini kwao, analima, na ana kibanda cha sola anachajia watu simu na kutengeneza zilizoharibika. Baba yake alishatangulia mbele ya haki. Nikafungua mdomo kusema. Akainua mkono.

"Mwalimu, sikuja kwa ya zamani. Nina binti yangu, Rehema, yuko kidato cha kwanza pale pale. Wameletewa vishikwambi ishirini vya kusomea. Vina mwaka mzima viko stoo kwenye maboksi. Rehema anafundishwa kwa kuchorewa ubaoni." Akaweka kikombe chini. "Mimi betri nazijua. Isipochajiwa inavimba, inakufa. Nimewaambia, wananiona muuza chaji. Jumamosi kuna kikao cha wazazi. Wewe ni mwalimu mstaafu, watakusikiliza. Nakuomba uje useme vifunguliwe. Basi."

"Nitakuja," nikasema.

Nikaenda. Gari mpaka gatini, boti, kisha miguu kwenye tope lile lile. Wazazi walikuwa wamejaa darasani, kinamama upande huu, kinababa upande ule. Mkuu wa sasa ni kijana mwenye adabu, akanikaribisha kwa heshima zote, akanipa nafasi ya kuzungumza kabla ya kufunga kikao.

Nikasimama. Nikaanza na zile kompyuta kumi na mbili. Nikasema ufunguo ulikuwa wangu. Nikasema niliangalia kalenda. Nikaeleza habari ya Mzee Abdallah pale gatini, na wengi mle walimjua, kinamama wakaanza kufuta macho kwa mitandio. Nikalia na mimi. Nikaomba radhi mbele ya watu wote, nikamtaja Somoe kwa jina, nikasema uhamisho wangu niliununua kwa mtoto wa mtu. Wazee wakaitikia, "Mwenyezi Mungu ni msamehevu." Mmoja akanishika bega. Nilijisikia mwepesi, jamani, mwepesi mno. Adhana ya adhuhuri ikasikika, mwenyekiti akasema tumshukuru Mwalimu kwa maneno mazito, tukasali. Kikao kikafungwa hapo.

Nikamkuta Somoe nje anafunga viatu. Nilimwendea nikitabasamu, nadhani nilitegemea kitu fulani.

"Umemaliza, Mwalimu?" akauliza.

"Nimemaliza, mwanangu. Nimesema yote."

"Vishikwambi hukuvitaja."

Nikageuka kutazama stoo.

"Nilikuomba jambo moja," akasema, taratibu, kama anayesomesha. "Sikukuomba uombe radhi. Kijiji kizima kinajua sikuharibu mashine zile, baba yangu aliwaeleza nyumba kwa nyumba. Asiyejua kwamba tunajua alikuwa wewe tu. Sasa wamekulilia wewe, wamekwenda zao, na stoo imefungwa."

Akaondoka na kinamama wenzake.

Wanangu, nimepigwa viboko nikiwa mtoto na nimesemwa na wakaguzi nikiwa mtu mzima. Sijawahi kuambiwa neno lililoniingia kama lile, kwa sababu lilikuwa kweli kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mara ya kwanza nilimwacha kwa kunyamaza. Mara ya pili nilimwacha huku nasema, tena kwa saa nzima.

Jumatatu nikarudi peke yangu. Mkuu alikuwa ofisini.

"Nimekuja kwa ajili ya vishikwambi," nikamwambia.

"Mzee wangu, vile vimesainiwa kwa jina langu. Kikipotea kimoja, nawajibika mimi. Nasubiri mwongozo."

"Tangu lini?"

"Tangu vilipokuja."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa, na hofu yake niliifahamu vizuri. Nikamwambia, "Tufungue boksi moja tu, tuone kama vina uhai. Kama vimekufa, utaandikia nini hao unaosubiri mwongozo wao?" Hilo lilimgusa. Kuchelewa kunaelezeka kwa maandishi. Vishikwambi vilivyovimba asingeweza kuvieleza.

Tulivitoa vyote, tukavipanga juani kwenye meza, tukavichomeka kwenye sola kwa zamu. Vingine vilikuwa vimevimba mgongo mpaka kioo kimebanduka. Vingine havikuonyesha hata dalili. Hadi kipindi cha mwisho vilikuwa vimewaka kumi na kimoja. Nikamwambia Mkuu, "Leo, sio kesho." Akasita, akaita kidato cha kwanza. Walikaa wanne wanne kwenye kimoja. Nikawafundisha kuhifadhi kazi, kama kawaida yangu, nikawasimulia ule mtihani nilioupoteza, wakanicheka mpaka machozi.

Jioni nikampigia Somoe simu.

"Vimewaka kumi na kimoja," nikasema.

"Na tisa?"

"Vimekufa."

Nikasikia mteja anamuuliza kama simu yake imejaa chaji. Akamjibu, akarudi kwangu. "Wasije wakavirudisha stoo. Rudi tena Jumatatu ijayo, Mwalimu."

Narudi. Kila Jumatatu nashika gari la kwanza, navuka, nakuta mara vimetolewa, mara havijatolewa kwa kuwa Mkuu kaenda wilayani na ufunguo. Siku kama hiyo nakaa kwenye benchi la nje ya ofisi mpaka arudi. Watoto wamenizoea, wananiita Babu Jumatatu. Somoe tukikutana njiani ananiamkia vizuri, ananiuliza vingapi vimewashwa, namjibu, anapita. Zaidi ya hapo hajaniambia, na sina haki ya kumdai.

Hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya nikiwa kijana kama nyie. Nimeianza nikiwa na miaka sitini.